Gitaa linavuma, halingurumi

Huangpu, Guangzhou. Mpangaji anachomeka amplifaya, na kabla hajagusa uzi wa gitaa, spika imeshaanza: mmmm. Wengi wetu husema "inanguruma". Nabisha. Kunguruma ni kwa radi, simba na lori mlimani, sauti inayopanda na kushuka. Hii haibadiliki, maana ni umeme wenyewe, unaogeuka na kurudi mara 50 kwa sekunde, China sawa na Tanzania. Nyuki huvuma, na gitaa livume. Nomino tunayo: mvumo.

Mvumo huzidi adapta ya pini mbili inapoiacha erthi nje. Wako pia wanaoikata erthi makusudi ili pawe kimya. Hao wanacheza na mauti, kwani nyuzi za chuma zi mikononi mwao. Afadhali ugeuke kidogo, au usogee mbali na transfoma.

Mwaka 1955 Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliomba hataza ya pikapu, yaani kinasa sauti cha gitaa (si ile ya kubebea mchanga), yenye koili mbili zilizopingana, mvumo wa moja ukiuzima wa nyingine. Naipendekezea jina: zimamvumo.