Kodi Inayomfuata Raia: Historia ya Taarifa za Akaunti za Nje katika Marekani

Katika mafunzo yetu ya uchumi wa siasa tumezoea kusema kwamba kodi ni uhusiano baina ya dola na watu wanaoishi na kuzalisha ndani ya mipaka yake. Kwa nchi karibu zote duniani kauli hiyo ni sahihi. Kwa Marekani si sahihi. Mwalimu wa Kimarekani anayefundisha Ujerumani, ambaye mshahara wake unaingia katika benki ya Ujerumani na kodi yake inakatwa na serikali ya Ujerumani, bado anawajibika kila mwaka kujaza ritani ya kodi ya Marekani, hata kama hajakanyaga huko kwa miaka ishirini. Juu ya hayo anatakiwa kutoa taarifa ya akaunti zake za benki. Wengi hawakuijua amri hiyo ya pili mpaka walipokwisha kuivunja kwa miaka mingi. Katika makala haya tunakusudia kuchambua jinsi jambo hilo lilivyozaliwa, na jinsi sheria iliyotungwa kuwanasa mabwana wakubwa wa fedha ilivyokuja kuwaangukia watu wa mshahara.

Mwanzo wake ni vita. Serikali ya Marekani ilipopigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga, ilihitaji fedha, na mwaka 1861 ikatunga kodi yake ya kwanza ya mapato. Wakati huo palikuwa na hasira dhidi ya matajiri waliokimbilia Ulaya wakiacha wenzao wapigane. Kwa hiyo sheria ile iliwagusa pia raia walioishi ng'ambo, kwanza kwa mapato ya mali waliyoiacha nyumbani, na mwaka 1864 kwa mapato yao yote popote yalikopatikana. Kodi ile ilikufa baada ya vita, lakini wazo lake halikufa. Kodi ya mapato iliporudishwa mwaka 1913, raia wa ng'ambo waliwekwa ndani yake tena. Mwaka 1924 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Cook dhidi ya Tait, iliyomhusu Mmarekani aliyeishi Mexico, iliamua kwamba dola humlinda raia na mali yake popote alipo, na kwa hiyo ina haki ya kumtoza popote alipo. Ni vigumu kupata dola nyingine yenye msimamo kama huo. Eritrea, inayowadai wananchi wake wa ng'ambo asilimia 2 ya mapato, ndiyo mfano unaotajwa sana; na mwaka 2011 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ambamo Marekani ina kiti cha kudumu, liliilaani Eritrea kwa namna ilivyoitumia kodi hiyo.

Tusisahau, hata hivyo, kwamba tangu mwaka 1926 sheria ya Marekani imewapa raia wa ng'ambo msamaha wa sehemu ya mapato ya kazi. Kwa mwaka wa kodi wa 2023 msamaha huo ulifika dola 120,000. Mwalimu wetu wa Ujerumani, basi, kwa kawaida hadaiwi hata senti moja. Lazima tulishike jambo hili, maana bila hilo hatuwezi kuelewa mengine: kinachomtia mtu wa namna hii matatani ni karatasi ambayo hakuipeleka.

Karatasi hiyo ilizaliwa mwaka 1970. Katika miaka ya 1960 Robert Morgenthau, mwendesha mashtaka wa serikali mjini New York, alifuatilia fedha za majambazi, za walaghai wa soko la hisa na za wakwepa kodi, na mara kwa mara njia ilimpeleka Uswisi, ambako tangu mwaka 1934 kufichua siri za mteja wa benki ni kosa la jinai. Wright Patman, mwenyekiti wa kamati ya mabenki katika Baraza la Wawakilishi, alilichukua suala hilo bungeni. Matokeo yake yakawa sheria iliyotiwa saini na Rais Nixon mwezi Oktoba 1970, inayoitwa Sheria ya Usiri wa Benki. Jina lenyewe ni kichekesho, kwani kazi ya sheria hiyo ni kuuvunja usiri wa benki. Wenye mabenki walikwenda mahakamani kuipinga wakashindwa mwaka 1974.

Nia ilikuwa njema, na hatuna sababu ya kuikana. Ila sheria haimtaji jambazi wala mkwepa kodi. Inamtaja kila raia na kila mkaazi mwenye akaunti nje ya nchi. Kiwango kilichowekwa kikasimama kwenye dola 10,000 kwa jumla ya akaunti zote, hata kama jumla hiyo ilifikiwa kwa siku moja tu katika mwaka. Kiwango hicho hakipandi pamoja na bei za vitu. Faini, kwa upande wake, tangu sheria ya mwaka 2015 inapandishwa kila mwaka kufuata bei!

Kwa miaka thelathini sheria ililala. Fomu, ambayo Wamarekani huiita FBAR, haikuwa sehemu ya ritani ya kodi. Ilikwenda mahali pengine, kwa tarehe nyingine, 30 Juni, wakati ritani hupelekwa mwezi Aprili. Ndani ya ritani palikuwa na swali dogo tu, katika jedwali la riba na gawio: je, una akaunti nchi za nje? Mhasibu aliyezoea mishahara alijaza "hapana" bila kuuliza, mteja akatia saini bila kusoma. Saini hiyo baadaye ilikuja kusomwa mahakamani kama ushahidi kwamba mtu alijua, au alikataa makusudi kujua. Ni kuanzia taarifa za mwaka 2016 tu ndipo tarehe ya fomu ilipolinganishwa na ile ya ritani, 15 Aprili, pamoja na nyongeza ya muda hadi 15 Oktoba.

Kilichoiamsha sheria ni mashambulizi ya Septemba 2001. Bunge lilitaka kujua kwa nini fomu hazifiki, na mwaka 2003 kazi ya kuwasaka wasiotimiza ikakabidhiwa Idara ya Kodi. Mwaka 2004 faini zikaongezwa: hadi dola 10,000 kwa asiyekusudia, na kwa aliyekusudia hadi dola 100,000 au nusu ya fedha zilizomo, kutegemea ipi ni kubwa. Kisha ikaja kesi ya UBS, benki kubwa ya Uswisi. Mfanyakazi wake, Bradley Birkenfeld, alifichua jinsi maofisa wa benki walivyosafiri Marekani kuwasaidia matajiri kuficha mali. Mwezi Februari 2009 benki ilikubali kulipa dola milioni 780, na baadaye mwaka huo yakafikiwa makubaliano ya kutoa habari za akaunti zipatazo 4,450. Birkenfeld mwenyewe alifungwa, na mwaka 2012 akazawadiwa dola milioni 104. Ubepari una hesabu zake.

Mwaka huohuo wa 2009 Idara ya Kodi ilifungua mlango wa kujisalimisha. Aliyejitokeza mwenyewe aliepuka jela akalipa asilimia 20 ya kiasi cha juu kabisa kilichowahi kuwamo katika akaunti zake. Mwaka 2011 ikawa 25, mwaka 2012 ikawa 27.5. Kwa bwana mwenye mamilioni yaliyofichwa Geneva hayo yalikuwa mapatano mazuri. Lakini walioingia mlangoni hawakuwa mabwana hao peke yao. Waliingia pia wauguzi, wastaafu na wajane walioishi ng'ambo, waliosoma magazetini wakashikwa na hofu. Ofisi ya mtetezi wa walipakodi, iliyomo ndani ya Idara hiyohiyo, ilionyesha kwamba wenye akaunti ndogo walilipa faini kubwa zaidi kuliko wenye akaunti kubwa, ukilinganisha na kodi waliyokuwa wamekosa kulipa. Haya hatuyasemi sisi; yalisemwa na chombo cha dola yenyewe.

Kelele zilisaidia. Mwaka 2012 ulianzishwa utaratibu mwepesi, ukapanuliwa mwaka 2014: raia anayeishi ng'ambo ambaye hakukusudia kosa hupeleka ritani za miaka mitatu na fomu za akaunti za miaka sita, pamoja na maelezo aliyoyatia saini, naye hatozwi faini. Anayeishi ndani ya Marekani hutozwa asilimia 5. Aliyekwisha kutangaza mapato yake yote na kulipa kodi, akasahau fomu tu, hupeleka fomu zilizochelewa na sababu zake, mradi Idara haijaanza kumchunguza. Ule mlango wa kwanza, wa asilimia, ulifungwa Septemba 2018.

Hapa wasomaji wetu wanaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Sivyo. Sheria inamshika pia mkaazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani, awe ni Mtanzania ambaye hajaukana uraia wake, au Mkenya ambaye tangu Katiba ya mwaka 2010 anaruhusiwa kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtu wa namna hii anaishi Minnesota au Texas, na nyumbani ana akaunti ya kujengea nyumba, na nyingine ya pamoja na mama yake mzazi. Fedha zote za akaunti ya mama huhesabiwa katika kiwango chake. Zaidi ya hayo, kama ndugu zake wamemweka kuwa mtia saini wa akaunti ya ukoo au ya kikundi cha kuzikana, anapaswa kuitaja, ingawa hana shilingi yake humo. Katika jamii zetu uaminifu wa mtu hupimwa kwa kupewa saini. Huko saini hiyohiyo ni jambo la kutolewa taarifa kwa dola.

Tuitazame kesi ya Alexandru Bittner. Alihamia Marekani kutoka Romania mwaka 1982, akapata uraia mwaka 1987, akarudi Romania mwaka 1990 na kutajirika huko. Si mnyonge, na hatutamfanya mnyonge. Hakupeleka fomu za miaka mitano, 2007 hadi 2011. Serikali ilizihesabu akaunti zake moja moja kwa kila mwaka, ikapata 272, ikamdai dola milioni 2.72. Mwezi Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba kwa asiyekusudia faini ni kwa kila taarifa isiyopelekwa, si kwa kila akaunti. Deni likashuka hadi dola 50,000. Kwa miaka zaidi ya hamsini, basi, sheria ilikuwapo bila Mahakama hiyo kueleza kosa lake linahesabiwaje. Na tajiri mwenye mawakili ndiye aliyeweza kulifikisha swali hilo mpaka huko.

Sasa tuugeuze upande wa pili. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya FATCA, inayozilazimisha benki za dunia nzima kutoa habari za wateja wa Kimarekani, la sivyo hukatwa asilimia 30 ya malipo fulani yanayotoka Marekani. Benki kadhaa za Ulaya ziliona ni nafuu kuwafukuza wateja hao. Ada ya kuukana uraia, iliyoanzishwa mwaka 2010 kwa dola 450, ilipandishwa mwaka 2014 hadi dola 2,350. Lakini mwaka huohuo wa 2014 nchi nyingi zilipokubaliana juu ya utaratibu wa pamoja wa kupeana habari za akaunti, Marekani haikujiunga. Nyaraka za Pandora, zilizochapishwa mwaka 2021, zilionyesha mali za matajiri wa nchi za nje zikiwa zimehifadhiwa katika amana za siri za South Dakota. Kwa Afrika hili si jambo dogo: jopo lililoongozwa na Thabo Mbeki lilikadiria mwaka 2015 kwamba bara letu hupoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha zinazotoroshwa.

Mwaka 2021 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuyataka makampuni yatangaze wamiliki wake halisi. Taarifa hizo zilikusudiwa kupokelewa na ofisi ileile ya Wizara ya Fedha inayopokea fomu za akaunti za nje. Mwezi Machi 2025 ofisi hiyo iliyaondolea makampuni yaliyoandikishwa ndani ya Marekani wajibu huo. Mwalimu wa Ujerumani, na mtia saini wa kikundi cha kuzikana, wa kwao ulibaki palepale.