Uzi: Tukikata sifuri kwenye noti, bei itashuka?

Wiki iliyopita nilikuwa stegi ya Kitale nikingoja matatu ya Bungoma ijae. Nyuma yangu wazee wawili na kijana wa bodaboda walikuwa wanabishana juu ya bei ya unga. Kijana akasema dawa ni moja tu: serikali izitupe noti hizi, ikate sifuri mbili, ilete pesa mpya, na hapo gorogoro ya mahindi itarudi bei ya zamani. Mzee mmoja akakubali. Wa pili akasema la, wachapishe nyingi tu, kila mtu apate. Matatu ikajaa, nikapanda bila kusema neno, lakini njia nzima mpaka Kamukuywa nilikuwa nawajibu kichwani. Uzi huu ndio jibu lenyewe.

Kwa wageni: hapa tunaeleza hoja zinazorushwa kwenye mikutano na redioni, bila kutaja mwanasiasa wala chama. Ukiandika jina la mtu kwenye majibu nitalifuta, hata kama unamsifu. Na mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, si mchumi. Mchumi akinikosoa nitamshukuru.

Hoja ya yule kijana si ya kuchekwa. Imejaribiwa, tena si mbali. Kutoka Malaba ukivuka Uganda nzima unatokea Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Huko serikali ilikata sifuri kweli kweli. Ilikata sita, na bado ikagawa kwa tatu. Sarafu mpya ikaitwa zaire mpya. Ilizaliwa Oktoba 1993 na haikufikisha miaka mitano.

Turudi nyuma kidogo. Zaire ya kwanza, ile ya zamani, ilianza 1967, na zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Moja! Nchi ilikuwa na shaba, na shaba ilikuwa na bei. Kisha bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka ya 1970, madeni yakapanda, na serikali ikazoea kufunika pengo kwa noti. Mwaka 1990 mgodi mkubwa wa Kamoto ukaporomoka. Septemba 1991 wanajeshi waliochoka na mishahara isiyonunua kitu wakaingia mitaani Kinshasa wakapora maduka na viwanda. Wawekezaji wakaondoka, wafadhili nao wakafunga mkoba. Serikali isiyo na shaba, isiyokusanya kodi, isiyo na wa kuikopesha inabaki na kitu kimoja: mashine ya kuchapa noti. Na hata mashine yenyewe mara nyingi haikuwa yao. Noti zilichapwa ng'ambo, Ujerumani kwa mfano, zikaja kwa ndege.

Sasa hapa niwe mwangalifu, kwa sababu ndipo watu wengi wanapotelezea. Kuchapa noti hakumwibii kila mtu kwa usawa. Fikiria lori linafika Kiminini kununua mahindi. Mnunuzi wa kwanza mwenye noti mbichi ananunua kwa bei ya jana, maana habari haijafika. Wa pili anakuta bei imesogea. Noti ikimfikia mwalimu au mama mboga, imeshapita mikono kumi na bei imeshapanda mara kumi. Kwa hiyo anayeikamata noti mpya kwanza ndiye anayekula, na wa mwisho ndiye anayelipa. Hii ni kodi, ila haina risiti, na bunge halikuipigia kura. Yule mzee wa "wachapishe nyingi, kila mtu apate" hajajiuliza atakuwa wa ngapi kwenye foleni.

Tuendelee. Desemba 1992 ikatolewa noti moja ya zaire milioni tano. Thamani yake ilikuwa kama dola mbili hivi. Wakati huo Zaire ilikuwa na ndume wawili katika zizi moja: rais aliyekuwa amekaa tangu 1965, na waziri mkuu aliyechaguliwa na Kongamano la Kitaifa mwaka ule ule wa 1992. Waziri mkuu akatangaza kwamba noti ile si halali. Rais akaitumia hivyo hivyo kulipa jeshi. Wanajeshi wakaenda madukani, wenye maduka wakaikataa. Mwisho wa Januari 1993 wanajeshi wakaasi Kinshasa, watu wengi wakauawa, na hata balozi wa Ufaransa akapigwa risasi akafa. Karatasi iliyoandikwa milioni tano, na hakuna aliyetaka kuipokea. Ukisikia mtu jukwaani anasema pesa ni suala la wachumi tu, mkumbushe mwezi huo.

Baada ya hapo rais akaweka serikali nyingine, na serikali hiyo ndiyo iliyoleta dawa ya yule kijana wetu. Zaire mpya moja kwa zaire milioni tatu za zamani. Kwa karatasi ilipendeza: zaire mpya tatu kwa dola moja, noti ndogo ndogo za 1, 5 na 10, hata senti zikarudi, zinaitwa makuta. Wahasibu walipumua, sifuri zilikuwa zimewatoa jasho.

Mwaka ulipoisha, yaani baada ya miezi miwili na kidogo, dola moja ilikuwa imepita zaire mpya 30. Mwisho wa 1994 ilikuwa imepita 3,000. Ukilinganisha Desemba na Desemba, bei za 1994 zilipanda kwa karibu asilimia 9,800. Nasi tukumbuke mwaka wetu mbaya, 1993, mfumuko wa Kenya ulipofika kama asilimia 46 na wazazi wetu bado wanausimulia. Kufikia 1996 kulikuwa na noti ya zaire mpya milioni moja. Sifuri zote zilizokatwa zilikuwa zimeota tena, kama magugu baada ya palizi la juu juu. Kinshasa wakazipachika noti kubwa za mwisho jina la "prostate", kwa sababu rais alikuwa ametoka Ulaya kufanyiwa upasuaji wa ugonjwa huo. Watu wakifika mahali pa kuita pesa yao jina la ugonjwa wa rais, habari ya kuiheshimu imekwisha.

Kwa nini ilianguka haraka hivyo? Kwa sababu noti ni kipimo, kama gorogoro. Ukiipaka rangi gorogoro, ukiikata nusu, ukiipa jina jipya, mahindi ghalani ni yale yale. Serikali ilibadilisha kipimo. Haikubadilisha hata kimoja kati ya vile vilivyoifanya ichape: jeshi lilikuwa bado linadai, kodi ilikuwa bado haikusanywi, na benki kuu ilikuwa bado inatii simu ya mtu mmoja. Mashine haikuzimwa hata siku ile ya uzinduzi.

Lakini sehemu inayonikosesha usingizi ni Kasai.

Mikoa miwili ya Kasai, katikati ya nchi, kwenye almasi za Mbuji-Mayi, iliikataa zaire mpya. Ilikataa kabisa. Watu wakaendelea kutumia zaire ya zamani, noti ambazo kisheria zilikuwa maiti. Siasa ilikuwemo, sitaficha: yule waziri mkuu aliyeondolewa alikuwa na asili ya Kasai, na miaka hiyo hiyo watu wa Kasai walikuwa wanafukuzwa Shaba, ambayo baadaye ilirudia jina la Katanga, kwa maelfu. Hawakuwa na sababu ya kuamini karatasi yoyote kutoka Kinshasa. Ila matokeo yalikuwa ya kiuchumi, na ni ya kushangaza. Zaire ya zamani haikuwa inachapwa tena. Idadi yake ilikuwa ile iliyopo, inachakaa tu mikononi. Kwa hiyo bei za Kasai zikatulia wakati Kinshasa inaungua.

Ushahidi ulikuja 1998. Serikali mpya iliyoingia Kinshasa Mei 1997 ilileta faranga ya Kongo kuanzia Juni 30, 1998. Viwango vikawekwa viwili. Mwenye zaire mpya alitoa 100,000 apate faranga moja. Mwenye zaire ya zamani, yaani mtu wa Kasai, alitoa milioni 14 apate faranga hiyo hiyo. Chukua kalamu. Kwa sheria ya 1993, zaire mpya 100,000 ni zaire za zamani bilioni 300. Gawa bilioni 300 kwa milioni 14. Aliyekataa kubadilisha alibaki na thamani zaidi ya mara 21,000 kuliko jirani yake aliyetii na kuzishika zile mpya. Nilirudia hesabu hii mara tatu nikidhani simu imekosea.

Kuna atakayesema Kasai walikuwa na almasi, na almasi huleta dola. Ni kweli, na ningeongeza kwamba maisha Kasai hayakuwa mteremko: barabara mbovu, mishahara ya serikali haifiki, na noti zenyewe zimechanika mpaka unazishika kama yai. Siwapigii debe. Ninachosema ni kwamba kilichoilinda pesa yao hakikuwa idadi ya sifuri. Walikuwa na sifuri kuliko wote! Ilikuwa ni kwamba hakuna mtu aliyeweza kuiongeza.

"Mbona Uganda ilifanikiwa?" Mtaniuliza, kwa hiyo nijibu mapema, maana huku kwetu Lwakhakha na Suam shilingi yao tunaishika kila siku. Mei 1987 Uganda ilikata sifuri mbili: shilingi mpya moja kwa 100 za zamani. Tena ikakata asilimia 30 juu yake kama ushuru. Ukileta 10,000 ya zamani hupewi 100, unapewa 70. Sarafu hiyo bado ipo hadi leo. Lakini angalieni tarehe. Mwaka huo wa 1987 mfumuko ulikuwa zaidi ya asilimia 200, na 1988 bado moto ulikuwa unawaka, na noti mpya ziko mfukoni. Ulizimika mwanzoni mwa miaka ya 1990, hasa baada ya 1992 wizara ya fedha na ya mipango zilipounganishwa na serikali ikaanza kutumia kile tu ilichokusanya. Kukata sifuri kulirahisisha hesabu. Kazi ilifanywa na kufunga mkaja.

Na tusichanganye na yetu ya 2019, tulipoambiwa noti za elfu za zamani mwisho Septemba 30. Pale zilibadilishwa noti, shilingi ilibaki shilingi, elfu kwa elfu. Hakuna sifuri iliyokatwa.

Nilikuwa naenda Bungoma kumwona kukhu, mama yake baba. Kukhu wangu alikuwa Chepkube. Wa Bungoma mnajua nikisema Chepkube. Baridi iliua kahawa Brazil 1975, bei ya dunia ikaruka, na mkulima wa Uganda aliona heri abebe gunia usiku hadi soko letu kuliko kuliuza kwa bodi ya serikali yake kwa shilingi zisizonunua sabuni. Magendo, ndiyo. Watu walijenga nyumba za mabati kwa magendo hayo. Kukhu hakuwa na kahawa. Aliwapikia wabebaji chai na mandazi, na wabebaji wengi walilipa kwa noti za Uganda, zenye sura ya rais wa wakati ule. Aliziweka kwenye kopo la majani ya chai. Utawala ule ukaanguka 1979, noti zenye sura ile zikaondolewa. Aliposikia 1987 Uganda inabadilisha pesa tena, alimtuma kaka yake Mbale na kopo. Kaka akarudi nalo limejaa vile vile.

Kopo bado lipo. Juu ameweka mbegu za maharagwe, chini noti zimefungwa kwa nailoni. Nilimweleza habari ya Kasai tukiwa jikoni. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hao, nani aliwaambia wakatae?"

Nikamwambia hakuna aliyewaambia, kukhu, waliiona tu ile noti ya milioni tano wakajua.

"Hata mimi niliona," akasema. "Mabwanyenye walikuwa wanalipwa shilingi ya Kenya, mimi naletewa zile. Lakini mtu amekunywa chai na hana nyingine. Ningemwambia aitapike?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Kasai walikataa pamoja, mkoa mzima, sokoni na machimboni. Mama mmoja mwenye sufuria ya chai hawezi kukataa peke yake.

Maswali yaweke hapo chini, nitajibu jioni nikipata chaji. Uzi wa Jumapili utakuwa juu ya deni la taifa, kwa sababu yule mzee wa pili pale stegi alikuwa na maoni yake hapo pia.