Kasindi–Mpondwe: pale barabara inapobadilisha mkono

Mtu anayetoka Mutwanga kwenda Bwera hahisi kama anakwenda nchi ya kigeni. Anashika barabara ya taifa namba 4, anafika Kasindi, anavuka mto Lubiriha, na ng'ambo anakuta mlima uleule wa Ruwenzori na lugha ileile: Mnande wa Kongo na Mukonzo wa Uganda wanasalimiana bila mkalimani. Wengi wana shangazi, shemeji ama shamba upande wa pili. Lakini kati ya bariere mbili kuna kitu kimoja kimegeuka kabisa, na hakipigi kelele. Kongo gari linapita mkono wa kuume. Uganda linapita mkono wa kushoto.

Jambo hili ni urithi wa ukoloni. Wabelgiji walishika kuume Kongo, Rwanda na Burundi. Waingereza walileta kushoto Uganda na Kenya, na Tanganyika pia walipoichukua kwa Wajerumani. Uhuru ulipofika, kila nchi ilibaki na mkono wake. Kuna nchi za Afrika zilizobadilisha: Nigeria mwaka 1972 na Ghana mwaka 1974 ziliacha kushoto zikashika kuume, juu majirani wao waliotawaliwa na Ufaransa walikuwa wanapita huko. Katika eneo la Maziwa Makuu hakuna aliyefanya hivyo. Ndiyo maana kamio inayopakia mizigo Mombasa kwa ajili ya Butembo inapita kushoto Kenya yote na Uganda yote, kisha inabadilisha mkono mara moja tu, pale Kasindi.

Watu wengi hufikiri kwamba hatari iko pale pale darajani. Hapana. Mpakani kila mtu anakwenda polepole: kuna duane, kuna askari, kuna wabeba mizigo, kuna foleni, na macho ya dereva yako wazi. Kosa linakuja baadaye, kichwa kikiwa kimepumzika. Asubuhi ya pili, kwa mfano, dereva anatoka uani alikolala na barabara haina gari lingine la kumwonyesha njia. Ama ametoka kununua mafuta, anarudi barabarani na kukata kona. Ama mbuzi anaruka mbele yake, na mikono inafanya kile ilichozoea miaka 20: Mkongomani anavuta volani kuelekea kuume, na Uganda kuume ndiko gari la mbele linakotokea. Madereva wa kamio wanaovuka kila juma wamezoea. Anayeumia mara nyingi ni yule anayevuka mara mbili au tatu kwa mwaka, anayejiona anajua, au kijana wa moto aliyekwenda tu kumfikisha mgonjwa Bwera.

Tena si mambo ya wenye magari peke yao. Mtu wa mguu ndiye anayesahaulika kabisa. Kongo, ukishuka kutoka ukingoni ili uvuke barabara, gari la kwanza linatoka kushoto kwako. Uganda linatoka kuume. Mtu mzima haamui kila siku aangalie wapi kwanza. Shingo inajigeukia yenyewe. Mama mwenye beseni kichwani na mtoto mgongoni shingo yake haizunguki vizuri, kwa hiyo anaangalia mara moja, upande aliouzoea, halafu anaingia.

Hata wakubwa wa dunia yamewapata. Tarehe 13 Desemba 1931, Winston Churchill, Mwingereza aliyekuja kuwa waziri mkuu, alishuka kwenye teksi mjini New York, akaangalia upande ambao angeuangalia kwao London, na gari likamgonga kutoka upande mwingine. Alilazwa hospitalini. London yenyewe leo imeandika chini, kwenye vivuko vingi, upande wa kuangalia, juu ya wageni. Hakuna maandishi kama hayo kati ya Mpondwe na Kampala, na yangefaa. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, na zaidi ya laki tano kati yao ni Wakongomani. Wengi walitoka vijiji vya Kivu Kaskazini na Ituri vyenye magari machache, na wale waliofika Kampala, katika mitaa kama Katwe, Nsambya na Makindye, waliingia moja kwa moja katikati ya kamunye na bodaboda zinazopita kila pembe.

Neno bodaboda lenyewe, kwa njia, ni mtoto wa mpaka. Lilianzia Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako vijana wenye kinga walibeba watu kutoka kituo cha mpaka kimoja hadi kingine wakiita abiria kwa Kiingereza chao. Anayefika kutoka Butembo anaona bodaboda na motari wa kwao kuwa kitu kimoja. Kazi ni moja, ni kweli. Ila abiria wa Kongo amezoea kushukia upande wa kuume, kwenye ukingo. Akishukia kuume Uganda, anakanyaga katikati ya barabara. Na kaski? Shirika la Afya Duniani linasema kaski iliyofungwa vizuri inapunguza hatari ya kufa zaidi ya mara sita. Iliyowekwa juu ya kichwa bila kufungwa, ama iliyoning'inizwa mkononi mpaka mtu amwone polisi, hailindi chochote.

Kuna shida ya pili ambayo haihitaji mtu avuke mpaka, juu imevuka yenyewe. Magari mengi ya Beni, Butembo na Mutwanga yalikuja ya zamani kutoka Japani, kupitia bandari za Afrika Mashariki. Japani wanapita kushoto, basi volani iko kuume. Gari kama hilo Kongo linamweka dereva ukingoni, karibu na majani. Akitaka kupita kamio iliyo mbele, haoni kitu mpaka atoe karibu gari zima katikati ya barabara. Hapo ndipo abiria wa mbele anageuka kuwa macho yake: “Enda!”, “Ngoja!” Abiria huyo hajui gari lina nguvu gani, wala dereva anahitaji nafasi kiasi gani. Wakati mwingine ni mtoto wa shule. Wasweden walikuwa na shida hiyo hiyo kwa kinyume: walipita kushoto, na magari yao mengi yalikuwa na volani kushoto. Kugongana uso kwa uso wakati wa kupita gari lingine ni moja ya sababu zilizowafanya wahame kwenda kuume, nchi nzima kwa alfajiri moja, tarehe 3 Septemba 1967.

Basi ndogo za Toyota HiAce zina jambo lingine. Mlango wa kusukuma wa zile za Japani uko kushoto. Uganda unafunguka kwenye majani, kama ulivyopangwa. Kongo unafunguka kwenye barabara, mbele ya moto na kamio zinazopita. Dereva mwenye akili husimama nje kabisa ya barabara, anamtanguliza msaidizi wake chini kuangalia, na haruhusu mtoto kuvuka kabla gari halijaondoka. Wengine husimama popote, na hilo linaonekana kila siku.

Taa pia. Taa za chini za gari lililotengenezwa kwa kushoto zinalala kidogo kushoto ili ziangaze ukingo. Kwenye barabara ya kuume mwanga huo unaingia machoni mwa anayekuja mbele. Usiku motari aliyepofushwa hivyo haoni mtu wa mguu wala chukudu isiyo na taa. Fundi anaweza kubadilisha taa zenyewe. Kuzisogeza kwa bisibisi mara nyingi hakutoshi. Huko Ulaya, madereva wanaotoka Uingereza kwenda Ufaransa hubandika kipande maalum juu ya kioo cha taa ili kuzuia mwanga huo. Ni kitu cha bei ndogo.

Kwenye rompwe mambo yanageuka pia. Uganda magari yanazunguka kama mshale wa saa, na anayeingia anamngoja aliye ndani, anayetokea kuume. Kongo yanazunguka kinyume cha saa. Mgeni anayefika rompwe ya kwanza ya Kasese afadhali angoje gari la mwenyeji liingie, alifuate.

Barabara za Uganda zenye lami zinampa Mkongomani aliyezoea mashimo furaha ya mbio. Na mbio ndizo zinazoua huko. Usiku wa tarehe 22 Oktoba 2025, kwenye barabara ya Kampala kwenda Gulu, wilayani Kiryandongo, mabasi mawili yaliyokuwa yanapita magari mengine yaligongana uso kwa uso. Polisi walitangaza kwanza watu 63, kisha wakasahihisha: waliokufa walikuwa 46. Karibu zaidi na mpaka, njia ya kutoka Mpondwe kuelekea Kasese inapita ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Tembo, nyati na viboko wanavuka hapo, hasa giza likiingia, na kiboko haonekani mpaka umemfikia.

Kuna pia mtego wa saa. Uganda iko mbele ya mashariki mwa Kongo kwa saa nzima. Jua halina habari na hilo: Kasindi linazama karibu saa kumi na mbili jioni, na Mpondwe dakika hiyo hiyo ni karibu saa moja. Anayepanga safari kwa saa ya Uganda na kurudi Kongo jioni anajidanganya kwamba bado kuna mwanga. Kwenye RN4 hilo si jambo dogo. Barabara hiyo imeshambuliwa na waasi wa ADF mara nyingi, na magari yamechomwa na watu wake ndani. Wenye magari huulizia hali ya siku ile kabla ya kuondoka, na wakati jeshi linapopanga msafara wa ulinzi wanasafiri pamoja nao.

Mganda au Mkenya anayekuja Kongo ana yake ya kujifunza. Mkono umebadilika, hilo analijua. Lisilojulikana kwake ni bendera: asubuhi karibu saa moja na nusu inapopandishwa, na jioni karibu saa kumi na mbili inaposhushwa, kila mtu aliye karibu anasimama, magari na moto pia, mpaka imalizike. Mgeni anayepita na gari lake wakati huo anaonekana kuidharau nchi, na atalipia maelezo marefu. Kupiga picha daraja, bariere ama askari ni kosa lingine la haraka.

Karatasi zinahitajika pande zote mbili. Permi ya Kongo imeandikwa Kifaransa. Permi ya kimataifa inapunguza mabishano na polisi anayesoma Kiingereza. Asiransi ya nchi moja haivuki mpaka peke yake. Kinachovuka ni kadi ya njano ya COMESA, ambayo Kongo na Uganda zote zinaitambua, na inalipa madhara aliyopata mtu mwingine. Inaombwa kwa mwenye kutoa asiransi kabla ya safari. Faini ya papo hapo Uganda hailipwi mkononi mwa askari: anaandika karatasi, pesa zinapita benki. Ajali ikitokea, namba za kuita ni 999 ama 112, na hospitali ya serikali iliyo karibu na mpaka ni ile ya Bwera. Umati ukiwa na hasira, pande zote mbili, dereva mgeni huenda kituo cha polisi kilicho karibu na kuripoti hapo. Kukimbilia ng'ambo ya mto ni kitu kingine kabisa, na familia ya aliyegongwa inabaki na deni la hospitali bila mtu wa kumdai.

Tarehe 16 Juni 2021 marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walizindua pale mpakani mradi wa barabara za kilomita 223, zikiwemo 80 za Kasindi–Beni na 54 za Beni–Butembo. Kazi imechelewa juu ya vita na mambo mengine. Kwenye udongo wa zamani swali la kuume na kushoto lilikuwa dogo: kila mtu alipita katikati, pale penye mashimo machache, na kuachia nafasi pale tu alipoona mwenzake. Matope yenyewe yalishika mbio. Kwenye lami hakuna kinachozishika, na moto inayotoka Bwera ikisahau mkono wake kwa dakika moja, inayokuja mbele haiko tena kwenye mwendo wa mtu wa mguu.