Hisa za ukuaji katika masoko yanayoibukia

Hisa za ukuaji ni hisa za kampuni ambayo mapato na faida yake vinatarajiwa kupanda haraka kuliko vya kampuni nyingine sokoni. Anayezinunua hafuati gawio la mwaka huu. Anafuata faida ya miaka ijayo, ndiyo maana hukubali kulipa bei kubwa ukiilinganisha na faida ya sasa. Huko Marekani mtindo huu ulienezwa na Thomas Rowe Price tangu miaka ya 1930, na Philip Fisher akauandikia kitabu mwaka 1958. Katika masoko yanayoibukia, yaani ya nchi kama India, Brazil na Afrika Kusini, hisa za aina hii huvutia kwa sababu ya vijana wengi, miji inayopanuka na huduma ambazo bado hazijawafikia watu. Kenya huwekwa daraja lililo chini ya hayo, la masoko machanga zaidi, lakini ndiko uliko mfano ulio wazi kuliko wote katika Afrika Mashariki: Safaricom, kampuni ya simu za mkononi.

M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma fedha kwa simu, ilizinduliwa Machi 2007. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya iliuza asilimia 25 ya kampuni hiyo kwa umma, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja. Kima cha chini cha kuomba kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Walioomba walizidi watu 800,000. Wengi walifungua akaunti ya CDS, ambayo ndimo hisa huhifadhiwa, kwa mara ya kwanza, na wako waliokopa benki ili waombe nyingi zaidi. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa, hivyo watu wakapewa pungufu ya walichoomba na kusubiri kurudishiwa fedha zao.

Hisa zilianza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi tarehe 9 Juni 2008. Bei ilipanda kupita shilingi 7, kisha ikaanza kuporomoka, na mapema mwaka 2009 ilikuwa chini ya shilingi 3. Msukosuko wa fedha duniani uliwafanya wawekezaji wa kigeni wauze, na waliokopa nao wakauza ili walipe madeni. Faida halisi ya kampuni ilishuka pia, kutoka takriban shilingi bilioni 13.9 hadi bilioni 10.5 katika mwaka ulioishia Machi 2009. Ni mwaka 2013 ndipo bei ilipoiacha shilingi 5 nyuma kwa mbali.

Aliyevumilia alilipwa. Kwa mwaka ulioishia Machi 2024 gawio lilikuwa shilingi 1.20 kwa hisa. Mwenye hisa 2,000 alistahili shilingi 2,400, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 5 anayotozwa mkazi, akabaki na 2,280. Hiyo ni zaidi ya moja ya tano ya mtaji wake wa 2008, kwa mwaka mmoja tu, na hisa zake bado anazo.

Sasa mtazame aliyeingia katikati ya mwaka 2021, bei ilipopita shilingi 40. Kampuni ni ileile, imekua mara nyingi, na M-Pesa imeenea nchi nzima. Lakini faida kwa kila hisa katika mwaka ulioishia Machi 2021 ilikuwa shilingi 1.71, kwa hiyo alilipa zaidi ya mara 23 ya faida hiyo. Mnunuzi wa 2008 alilipa takriban mara 14. Mwishoni mwa 2023 hisa hiyo iliuzwa chini ya shilingi 15. Riba zilikuwa zimepanda Marekani na kuwavuta wageni warudi kwao, na biashara mpya ya Ethiopia, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2022, ilikuwa bado inakula mtaji.

Kwa mgeni kuna hesabu nyingine, ya sarafu. Katikati ya 2008 dola moja ilikuwa karibu shilingi 62 za Kenya, kwa hiyo hisa ya shilingi 5 ilimgharimu takriban senti 8 za dola. Mwisho wa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 157, na hisa ya takriban shilingi 14 ilikuwa na thamani ya karibu senti 9. Kwa shilingi, bei ilikuwa imekaribia mara tatu. Kwa dola, ukiacha gawio, miaka 15 ilikuwa imempa senti moja.

Ukuaji wa nchi nao haumfikii mwenye hisa moja kwa moja. Faharisi ya MSCI China, inayopima bei za hisa za kampuni za China, ilianza na pointi 100 mwishoni mwa 1992, na mwaka 2016 ilikuwa bado chini ya hapo, ingawa uchumi wa China ulikuwa umekua kwa kasi ya ajabu. Kampuni ziliendelea kutoa hisa mpya, na faida ikagawanywa kwa wengi zaidi. Ndani ya soko hilohilo, Naspers ya Afrika Kusini ilinunua karibu nusu ya kampuni ya intaneti ya Tencent mwaka 2001 kwa dola milioni 32 na kuvuna mabilioni. Bahati ya namna hiyo ni adimu mno kuwekwa katika mipango ya mtu wa kawaida.

Katika masoko madogo hata kuuza ni kazi. Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850 za Tanzania, kisha bei ikakaa chini ya hapo kwa miaka, na anayetaka kutoka asipate mnunuzi kwa urahisi.

Anayezitaka hisa hizi asome faida kwa kila hisa, si faida ya jumla inayotangazwa magazetini, na aipime na bei ya siku hiyo. Anunue kwa fedha asizozihitaji kwa miaka mingi, na asikope kwa ajili hiyo, kwani waliokopa mwaka 2008 waliendelea kulipa riba huku bei ikishuka.