Urasimi Mpya na Wagiriki Waliofikiriwa

Katika kozi za nadharia ya fasihi, urasimi hufundishwa aghalabu kana kwamba unahusu vitabu pekee. Hata hivyo, urasimi mpya uliotawala Ulaya katika karne ya 18 ulitokana pia na majembe ya wachimbaji na penseli za wachoraji.

Uchimbaji ulioanza Herculaneum mwaka 1738 na Pompeii mwaka 1748 uliibua michoro, vyombo na sanamu zilizofukiwa mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 B.K. Miji hiyo ilikuwa ya Kirumi, lakini sanaa yake ilikuwa na athari kubwa ya Wagiriki. Hamu ya kukijua chanzo chenyewe ikaongezeka. Waingereza James Stuart na Nicholas Revett walifika Athens mwaka 1751, wakapima majengo ya kale kwa makini, na juzuu ya kwanza ya kazi yao ikatoka mwaka 1762. Wasanifu majengo sasa walikuwa na vipimo, si masimulizi tu. Lango la Brandenburg mjini Berlin, lililokamilika mwaka 1791, lilifuata mfano wa lango la Akropoli.

Aliyeipa ladha hiyo nadharia ni Mjerumani Johann Winckelmann. Katika maandishi yake ya mwaka 1755 na 1764 alisifu usahili na utulivu wa sanaa ya Kigiriki. Lakini Winckelmann hakuwahi kufika Ugiriki. Sanamu nyingi alizozichunguza Roma zilikuwa nakala za Kirumi, tena zilizokwisha kupoteza rangi. Weupe wa marumaru ukachukuliwa kuwa ndio uzuri wenyewe, ilhali Wagiriki walizipaka sanamu zao rangi.

Kosa hilo lilikuwa na gharama. Mwaka 1816 serikali ya Uingereza ilinunua sanamu za hekalu la Parthenon kwa pauni 35,000. Mwaka 1937 na 1938, baadhi yake zilikwanguliwa ndani ya Makumbusho ya Uingereza ili ziwe nyeupe zaidi. Kilichokwanguliwa hakirudi.

Kwa hiyo, mwanafunzi anapoambiwa kuwa warasimi wapya walifuata kanuni za Wagiriki, aelezwe pia kuwa kanuni hizo zilipitia katika nakala, vipimo na mapendeleo ya watu wa karne ya 18. Tukikomea kwenye fasili, tutakuwa tunamfundisha nakala tukiiita asili.