Segu wa Isikizya

Septemba ikiisha, mvua ikiwa bado mbali, mitundu ya Isikizya huchipua majani mekundu. Hapo ndipo ninapopenda kuingia porini alfajiri na darubini yangu kuangalia ndege. Babu yangu, mrina asali, hakuwahi kushika darubini. Alikuwa akipiga mluzi, kisha anangoja.

Juzi segu alinijia. Ni ndege wa kijivujivu, na mlio wake ni kama kiberiti kinachotikiswa. Aliruka mti mmoja, akatua, akaniita. Nikimkaribia anaruka tena, ubavuni pa mkia pakimeta weupe. Nikamfuata, nikijua ananipeleka kwenye asali.

Njiani nikawaza jinsi ndege wa nchi hii walivyoingia vitabuni kwa njia ya misafara. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliingia Kaze, Tabora ya leo, Novemba 7, 1857, baada ya miezi zaidi ya minne njiani kutoka pwani. Katika miaka ya 1880 akaja Mjerumani Richard Böhm, akakaa Kakoma, kisha Igonda, akikusanya ndege. Alifia Katanga mwaka 1884, hata miaka 30 hajatimiza. Mtaalamu wa ndege Anton Reichenow wa Berlin alikuwa amekwisha kumpa keremkerem mmoja jina la Böhm mwaka 1882. Mwaka 1891 Reichenow huyohuyo akaandika habari za kidege kimoja chenye mkia mwembamba, ambacho wageni hadi leo hukiita kwa jina la Tabora.

Nafurahi mji wetu kuwa na ndege wake. Lakini mizigo ya njia ile ilikwenda mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na sijaona ndege hata mmoja aliyepewa jina la mpagazi. Nao ndio waliolala porini miezi na miezi, wakajua mlio upi unaelekeza kwenye maji na upi kwenye asali.

Segu hula nta, na ni viumbe wachache mno wanaoweza kuimeng'enya. Padri Mreno João dos Santos, aliyekaa Sofala mwishoni mwa karne ya 16, aliandika kwamba ndege hao waliingia kanisani kudonoa mishumaa.

Segu wangu alinifikisha kwa nyuki, kwenye tundu la mtundu mkavu. Nilipomaliza kufukiza moshi na kurina, nilikata kipande cha sega kuukuu, cheusi, kama kiganja, nikakiweka juu ya gogo. Babu alikuwa akisema, "Mjukuu wangu, segu usimdhulumu." Nikarudi nyuma hatua kumi. Segu akashuka, akatazama huku na huku, akaanza kudonoa.