Kondoa na Timu za Vijana za Taifa: Historia Fupi ya Ushabiki wa Mbali na Uwanja

Wilaya ya Kondoa, iliyoko kaskazini mwa Mkoa wa Dodoma katika vilima vya Irangi, iko mbali na viwanja ambavyo timu za taifa za Tanzania zimezoea kuchezea, na kwa sababu hiyo historia ya ushabiki wake ni historia ya watu walioifuata timu yao bila kuiona kwa macho, kwanza kwa sauti ya redio na baadaye kwa kioo cha televisheni. Ushabiki huo huonekana wazi zaidi katika mashindano ya vijana, yaani yale ambayo mchezaji hana ruhusa ya kushiriki akishavuka umri uliowekwa, aghalabu miaka 17 au 20. Timu ya vijana haina historia ndefu ya kugombaniwa kama ilivyo klabu ya Simba au Yanga, wala haina nyota ambao kila upande unadai ni wake. Hivyo watu ambao Jumamosi nzima wamenuniana kwa ajili ya klabu hujikuta wamekaa benchi moja wakiomba dua moja.

Mipaka ya mataifa ilifika Kondoa kwa vita kabla ya kufika kwa mpira. Mwezi Aprili 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wa Afrika Kusini waliokuwa chini ya Jenerali Jacob van Deventer waliuteka mji wa Kondoa Irangi, na mwezi uliofuata majeshi ya Kijerumani ya Paul von Lettow-Vorbeck yalijaribu kuukomboa yakashindwa. Baada ya vita nchi, iliyoitwa sasa Tanganyika, iliwekwa chini ya Waingereza, ambao tayari walikuwa wakitawala Kenya na Uganda. Mwaka 1926 nchi hizo mbili jirani zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililobeba jina la watengenezaji wa sabuni walioligharimia. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945, na ililitwaa mara tatu mfululizo, 1949, 1950 na 1951. Kombe hilo ndilo lililozaa Kombe la Chalenji la CECAFA, yaani baraza la vyama vya soka vya Afrika Mashariki na Kati. Yafaa kuzingatia mpangilio wa miaka hiyo, kwa maana unaonyesha kwamba mtu wa Tanganyika aliweza kuishangilia Tanganyika katika uwanja wa mpira miaka kumi na zaidi kabla nchi haijapandisha bendera yake yenyewe mwezi Desemba 1961.

Kilichoileta timu ya taifa hadi Kondoa ni redio. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, na kufikia mwaka 1965 yalikuwa yamekuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, chombo cha serikali kilichosikika hadi vijijini. Redio ya betri iliwekwa juu ya kigoda mahali ambapo mawimbi yalishika vizuri, na betri zilipochoka zilitolewa, zikaanikwa juani ili zipate nguvu kidogo za kumalizia mechi. Msikilizaji aliyekuwa hajawahi kukanyaga uwanja wenye majukwaa alimtegemea mtangazaji amwambie mpira uko upande gani, nani anakokota, nani ameanguka na refa ameashiria nini, na kwa hiyo alijifunza ramani ya uwanja kwa masikio. Kwa njia hiyo zilipokewa habari za mwaka 1974, Tanzania ilipoifunga Uganda kwa mikwaju ya penalti katika fainali ya Chalenji, na za mwaka 1980, Taifa Stars, timu ya taifa ya wakubwa, ilipocheza kwa mara ya kwanza fainali za Mataifa ya Afrika mjini Lagos. Kati ya matukio hayo mawili ilipita Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 dhidi ya Uganda, na jina la nchi hiyo likawa na uzito mwingine masikioni mwa Watanzania. Uzito huo haujaisha kabisa hadi leo, hata pale wanaokabiliana uwanjani wanapokuwa watoto waliozaliwa zaidi ya miaka ishirini baada ya vita kwisha.

Televisheni ilichelewa sana. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake hadi mwaka 1994, na kwa miji ya ndani mabadiliko makubwa yaliletwa na madishi ya setilaiti, hasa baada ya Azam TV kuanza mwishoni mwa 2013. Hapo ndipo vilipostawi vibanda umiza, yaani mabanda ya kuonyeshea mpira kwa kiingilio kidogo, ambayo jina lake linatokana na adha ya msongamano, joto na mabenchi yasiyo na egemeo. Nje huwekwa ubao ulioandikwa kwa chaki timu na saa za mechi, na ndani watu hubanana hadi mlangoni. Barabara ya lami ya kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati, inayopita Kondoa na iliyozinduliwa rasmi mwezi Aprili 2018, iliusogeza mji karibu na makao makuu ya nchi, lakini kwa shabiki wa timu ya taifa banda lilikuwa limekwisha kuifupisha safari kabla ya lami.

Jambo linalozitofautisha timu za vijana na nyingine zote ni umri, na hapa historia ya mpira inaingia moja kwa moja katika historia ya jamii. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ya mwaka 1920 haikuwalazimisha Waafrika wa Tanganyika kuandikisha watoto wao kama ilivyowalazimisha wageni, na hata baada ya uhuru usajili ulibaki nyuma vijijini. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, unaojulikana kama RITA, ulianzishwa mwaka 2006 tu. Katika nyanda za kati wazee wengi walijua umri wa mtu kwa kuuhusisha na mwaka wa njaa, wa mvua kubwa au wa nzige, na mtoto aliyeanza shule aliandikwa umri ambao mzazi au mwalimu aliona unamfaa. Mazingira kama hayo, yaliyopatikana pia katika sehemu kubwa ya Afrika, ndiyo yaliyowezesha kuwapo kwa vijeba, neno ambalo magazeti ya michezo huwaita wachezaji waliovuka umri wakaingizwa miongoni mwa wadogo. Si haki kumwona kila kijeba kuwa tapeli, kwa kuwa wapo waliokulia mahali ambapo tarehe ya kuzaliwa haikuwahi kuandikwa; lakini wapo pia viongozi waliojua na wakanyamaza, na hao ndio waliowanyima watoto halisi nafasi yao.

Tanzania yenyewe iliadhibiwa kwa kosa hilo. Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, ilikuwa imefuzu kwenda fainali za Afrika za 2005 nchini Gambia ilipoenguliwa kwa kumtumia mchezaji aliyezidi umri, na nafasi yake ikachukuliwa na Zimbabwe. Kuanzia Kombe la Dunia la vijana la 2009 nchini Nigeria, FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI, yaani mashine inayopiga picha ya ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku bila mionzi, ili kuchunguza kifundo cha mkono: pale mfupa unapokua pana tabaka laini ambalo hufunga mtu akishakomaa, na tabaka hilo likionekana limefunga kabisa, mvulana huyo karibu kwa hakika ameshavuka miaka 17.

Kipimo hicho kiliiletea Tanzania heri miaka kumi na miwili baada ya aibu ya Gambia. Mwaka 2016 Serengeti Boys, chini ya kocha Bakari Shime, iliitoa Afrika Kusini, kisha ikaifunga Kongo-Brazzaville 3–2 jijini Dar es Salaam na kufungwa 1–0 katika marudiano, ikatolewa kwa sheria ya bao la ugenini. Tanzania ilikata rufani kuhusu umri wa mchezaji mmoja wa Kongo. Mchezaji huyo aliitwa kupimwa na hakutokea, na mapema 2017 Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika, CAF, likaiengua Kongo. Mashabiki walilazimika kujifunza kufuatilia barua za rufani kama walivyofuatilia mabao. Fainali, zilizohamishwa kutoka Madagascar, zilichezwa Gabon mwezi Mei 2017: Tanzania ilitoka suluhu na Mali, ikaifunga Angola 2–1, ikabaki na mechi ya Niger ambayo sare tu ingeiingiza nusu fainali na Kombe la Dunia nchini India. Ilifungwa 1–0, na kwa kuwa timu hizo mbili zililingana pointi, Niger ndiyo iliyosonga mbele kwa ushindi huo.

Miaka miwili baadaye Tanzania ikawa mwenyeji, na uchungu ukawa wa nyumbani. Aprili 2019, jijini Dar es Salaam, wenyeji walifungwa 5–4 na Nigeria katika mechi ya ufunguzi, 3–0 na Uganda, na 4–2 na Angola. Kipigo cha Uganda ndicho kilichouma zaidi, kwa kuwa Waganda walikuwa wamewatoa Serengeti Boys katika mashindano ya kanda mwaka uliotangulia. Mwezi Desemba 2020 Uganda tena iliifunga Tanzania 4–1 mjini Karatu, safari hii katika fainali ya CECAFA ya vijana wa chini ya miaka 20.

Kuumizwa na matokeo ya watoto si jambo la Afrika Mashariki peke yake. Wakanada wengi hukaa kila mwisho wa mwaka kutazama mashindano ya dunia ya mpira wa magongo wa barafuni kwa vijana wa chini ya miaka 20, na tarehe 4 Januari 1987, huko Piešťany katika Chekoslovakia, vijana wa Kanada na wa Muungano wa Kisovieti walipigana uwanjani hadi taa zikazimwa, na timu zote mbili zikaenguliwa. Chuki za mataifa zilikuwa zimebebeshwa vijana ambao hawakuzianzisha.

Kanada hiyo hiyo ndiyo iliyokutana na Serengeti Girls katika Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 nchini India, Oktoba 2022, Tanzania ilipoingia kwa mara ya kwanza katika fainali za dunia za soka za FIFA. Shime alikuwa kocha tena. Wasichana walifungwa 4–0 na Japani, wakaifunga Ufaransa 2–1, wakatoka sare ya 1–1 na Kanada, wakafika robo fainali, ambako Kolombia iliwatoa kwa 3–0. Kwa wasichana kipimo cha kifundo hakitumiki vivyo hivyo, kwa sababu mifupa yao hukomaa mapema zaidi, kwa hiyo nyaraka za kuzaliwa hubeba mzigo mkubwa zaidi. Na huko Kondoa, mtoto wa Bereko au Pahi anayecheza vizuri katika UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, au katika UMISSETA ya sekondari, atahitaji cheti chake cha kuzaliwa kabla hajahitaji viatu vya mpira.